Siku Mama Alain Alipofika Kasongo

Patasi ilimteleza ikamchana kiganja pale Madamu Estelle aliposema kwamba siku ya kufunga mafunzo kila mmoja atakuja na mzazi wake.

"Pole, Alain," Estelle alisema, akimfunga kitambaa. "Unaogopa mama yako?"

"Iko mbali, Madamu. Kule kijijini Wamaza. Na barabara ni mbaya."

"Pikipiki zinapita. Tutatuma mutu amulete."

Kijana akainama kuokota patasi. Alikuwa amekaa miezi tisa katika kituo kile cha Kasongo, mahali vijana wanapofunzwa kuchonga, kupaka rangi na kuigiza, kisha wanapelekwa staji kwa mafundi wa mji ili wajifunze kazi kwa kuifanya. Wenzake walihesabu siku za kumaliza kwa furaha. Yeye kila siku iliyopita ilimkaba zaidi.

Na hakuna aliyemtendea vibaya. Fundi Hemedi, seremala aliyempokea kwa staji, alimsifu mbele ya wateja: mkono kama huu, alisema, mutu anazaliwa nao. Alimtania kwa mambo mawili tu. La kwanza, ukimwita lazima umwite mara mbili au tatu, kama mzee aliyeziba masikio. La pili, miaka ishirini na moja bila hata unywele mmoja kidevuni! Karakana nzima ilicheka. Kijana alicheka nao, halafu akauinamia ubao wake. Kila walipompenda zaidi, ndivyo alivyozidi kukosa pa kutokea.

Jumatatu Hemedi alimwita pembeni.

"Nataka ubaki kwangu. Si staji tena, ni kazi. Lakini huna kadi ya utambulisho, sivyo? Karani wa serikali anataka mzazi asimame mbele ya watu, aseme huyu ni mutoto wangu, jina lake fulani, kisha atie dole gumba kwenye karatasi."

"Sina kadi, Papa."

"Basi una bahati. Mama yako anakuja."

Alifikiri kutoroka. Aliwaza kwenda Nyangwe, avuke mto Lualaba, aanze upya mahali asipojulikana. Lakini bila cheti, bila karatasi yoyote, angepokewa na nani? Kilichobaki kingekuwa mashimo ya dhahabu ya Salamabila, na huko asingerudi. Huko ndiko ndugu yake alikobaki, asubuhi moja ya mvua, kwa zamu isiyokuwa yake. Zamu ilikuwa ya kijana huyu. Aliamka na homa, na ndugu yake akamwambia, lala, nitaenda mimi.

Ndugu huyo ndiye ambaye kijana alimchonga kwa kazi yake ya mwisho ya mafunzo: mtu amezama udongoni hadi kifuani, uso ameuinua juu. Estelle alipoiona, aliizunguka mara mbili.

"Ni nani huyu?"

"Ndugu yangu."

"Baraka? Kwenye fomu yako uliandika una mdogo mmoja, Baraka."

Kijana aliangalia vumbi la mbao miguuni pake. Estelle akamgusa bega.

"Sasa naelewa. Fomu ilitufikia mwezi wa pili, wewe ukaja mwezi wa tano. Tulidhani umeghairi."

"Tulikuwa na kilio, Madamu."

Hapo, angalau, hakusema uongo.

Mama yake alifika Alhamisi mchana, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili. Hakumwita jina.

"Wamekuambia utakachoulizwa?" kijana alinong'ona.

"Wameniambia."

"Mama, kama huwezi, twende zetu sasa hivi."

"Nipe kwanza maji," mama akasema.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi mlangoni, wamebanana. Hata kama angetaka kukimbia, hapakuwa na pa kupita. Estelle akashika kipaza sauti.

"Mama Alain, karibu mbele!"

Mama alishtuka kama aliyechomwa na mwiba, kisha akaenda. Njiani akauona mchongo juu ya meza. Akasimama. Mkono wake ulipanda polepole, ukagusa paji la uso wa mbao, pua, midomo. Kijana alijua kwamba sasa yamekwisha. Angelia. Angemlilia marehemu kwa jina lake, mbele ya Hemedi, mbele ya Estelle, mbele ya mji mzima.

Karani akakohoa. "Mama, ulizaa watoto wangapi?"

"Wawili. Wote wanaume."

"Na huyu aliyesimama hapa?"

Mkono wa mama ulibaki kwenye mchongo. Nje mbuzi wa jirani akalia. Karani akauliza tena, safari hii kwa upole, na Fundi Hemedi akavua kofia yake bila kujua kwa nini. Kijana aliyafumba macho.

Mama akautoa mkono wake kwenye mchongo, akawageukia watu.

"Mutoto wangu Baraka alikufa mu shimo, kule Salamabila. Huyu ni Alain."

Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Watu wakapiga makofi.

Baraka akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea cheti.