Alama Moja ya Kubaki

Nchi ilikuwa imepata arobaini na tisa kwa mia, na alama ya kufaulu ni hamsini.

Mwalimu mkuu mstaafu aliipigia mstari hesabu hiyo kwa kalamu nyekundu, akapuliza wino ukauke. Alikuwa ameshuka kwenye ndege jana jioni na mdogo wake wa kiume, na masanduku yao bado yalikuwa mlangoni pa ukumbi wa chai, hayajafunguliwa. Basi la kurudi uwanja wa ndege lilikuwa linaondoka saa nne.

"Dada, likizo yenyewe ni moja kwa mwaka," alisema mdogo wake. Alishavaa kaptula ya kuogelea, taulo begani. "Bwawa halina chama."

"Nikiingia kwenye hilo bwawa nimeipigia kura serikali yao."

"Kura yenyewe huku huna."

"Ndiyo maana naangalia pa kuoga."

Nchi iliyofeli hakupumzika humo, na mwaka huu peke yake alikuwa amefelisha tatu. Ya kwanza ilianguka kwenye magazeti. Ya pili kwenye mahakama. Ya tatu ilikwenda vizuri mpaka rais wake alipojitangaza bingwa wa taifa wa kuruka viunzi, na aliyekuwa bingwa akaomba radhi redioni.

Hii ya nne ilisemwa kwamba mtu akifungua mdomo anafungwa. Lakini mwalimu hakutaka kuhukumu kwa maneno ya watu. Alama moja aliitenga kwa jambo moja tu: wanaokaa katika hoteli hii wana amani, au hawana?

Kwenye meza ya pili walikaa wawili: seremala aliyevaa miwani ya jua, na mwanamke wa kofia pana. Mwanamke alikuwa akisali chini kwa chini tangu alfajiri. Meneja, ambaye ndiye aliyemimina na chai, alishawaambia wazi: "Wale wageni wawili wakiondoka, nafunga hoteli leo hii, na nyinyi mnarudi mlikotoka." Mwanamke kurudi hakutaka. Alitaka asubuhi nyingine moja kama hii, jua limemlalia magotini, dirisha limefunguliwa lote. Habari ya alama alikuwa ameisikia. Mungu wangu, alisema moyoni, mlainishe huyu mama. Moja tu.

Mwalimu akasogeza kiti chake mpaka mezani kwao.

"Hamjambo jamani. Samahani kwa kuwakatiza chai. Hii nchi mnaionaje?"

"Hatujambo, mama, karibu," mwanamke alijibu. Meneja akasogea na birika.

Mwanamke akafikiri. Uongo alikuwa hasemi. Ndiyo tabia yake, na ilishamponza.

"Mimi nimelala kwenye shuka safi," alisema polepole. "Nimekula mayai mawili. Jana pia mawili."

"Na juzi?"

"Juzi sikuwa hapa."

"Na hao wafungwa wa siasa wanaosemwa? Huko mjini mmewaona?"

"Mjini? Hapana, mama. Mjini sijamwona hata mmoja."

"Tangu tufike hatujatoka nje ya ukuta," seremala akaongeza, akigonga mguu wa meza kwa kidole. "Hiki kiungo kimekaa vibaya. Ningepata randa, nusu saa tu."

"Unaona, dada?" alisema mdogo mtu. "Mtu yuko likizo anatamani kazi. Huyo kashiba raha."

Mwalimu akatabasamu. Kalamu ikashuka mpaka kwenye karatasi.

"Mmeoana muda gani?"

"Miaka kumi na tisa," alisema seremala.

"Ishirini na mbili," alisema mwanamke, papo hapo.

Mdogo mtu alicheka mpaka taulo likaanguka. "Hiyo ndiyo ndoa yenyewe." Mwalimu naye akacheka, akaanza kuandika hamsini.

Hapo meneja akapaliwa na mate, akakohoa.

Seremala na mwanamke wakasimama wima, mikono ubavuni.

"Kaeni, kaeni," meneja alisema haraka. Wakakaa kwa pamoja.

Kalamu ilikuwa imesimama. Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kwa miaka thelathini na nne darasani alijua mtoto anavyosimama kwa heshima, na anavyosimama kwa woga.

"Mpaka watalii," alisema. "Mmimina chai anakohoa, mtalii anasimama. Hofu ya nchi hii imewaingia hadi wageni." Akakata alichoandika. "Na moja nawapunguza: arobaini na nane."

"Mama, nakuomba." Mwanamke wa kofia alimshika mkono. "Kaa. Hata mpaka kesho. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Dada, binti wa watu anakubembeleza," alisema mdogo wake.

Mwalimu akampapasa mwanamke kiganja. Kilikuwa kigumu kuliko alivyotarajia.

"Mwanangu, si kwamba jua silipendi. Lakini kuna watu wamefungwa nchi hii kwa kusema ukweli. Nikikaa hapa nikala mayai, nitakuwa nimewasahau. Naondoka kwa ajili yao."

Akabeba sanduku lake. Mdogo wake akapanda basi na kaptula kavu. Mwalimu alifungua dirisha akawapungia, nao wakapunga, kwa sababu meneja alikuwa anapunga.

Vumbi lilipotulia, meneja alifunga geti, akakusanya miwani, kofia na pete mbili za ndoa, akavitia vyote kwenye kisanduku. Mwanamke akauliza kama anaweza kumalizia yai.

"Malizia," alisema meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akavuta droo ya vijiko akatoa pingu. "Halafu uagane na mumeo, seli za wanawake ziko upande wa pili. Na ulizaneni basi hata majina."