Salamu za Phikun

Santuri ilipofika mwisho wa wimbo, Sawaeng aliivuta maikrofoni, akabana koo, akasema kwa sauti ya kike maneno ambayo hayakuwamo kwenye filamu.

"Mama, umekula?"

Kwenye pazia jeupe lililotundikwa uwanjani, msichana mwenye ua sikioni alikuwa anavuta pumzi tu. Kwenye mkeka wa mbele kabisa, Mama Boonmi akajibu kwa nguvu kwamba amekula, na yeye je, huko aliko anapata chakula?

Watu hawakucheka. Kijiji kizima kilijua Phikun ni marehemu, isipokuwa mama yake.

Filamu siku zile zilikuja bubu, na mtia sauti kama Sawaeng ndiye aliyewasemea wote: jambazi, bibi harusi, mpaka mbwa. Gari lao la sinema lilikuwa la kampuni ya dawa. Filamu ikifika katikati taa zinawashwa, watu wanauziwa dawa ya minyoo, wasionunua wanataniwa kwenye kipaza sauti mpaka wanunue, kisha jambazi anaendelea kufukuzwa. Nyimbo tu ndizo zilikuwa za kweli, sauti za waimbaji wenyewe kutoka kwenye santuri. Na wimbo wa Phikun ulikuwa mmoja, dakika tatu, katika filamu yake ya kwanza na ya mwisho.

Mwaka ule Phikun alipopata jina, Sawaeng alikuwa mshereheshaji wa bendi yake. Walikuwa katika basi moja lilipopinduka kwenye kona ya mlimani, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Sawaeng alitoka na mkwaruzo kidevuni. Phikun hakutoka. Mwili ukachomwa kwenye hekalu la huko huko, na kiongozi wa bendi akamtuma Sawaeng kwa mama mtu, maana yeye ndiye mwenye maneno.

Mwenye maneno! Alifika akamkuta mama wa watu, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, anampapasa uso na kumuuliza kama mwanawe hajambo. Akasema hajambo. Mkuu wa kijiji akamvuta pembeni, akamwambia kwamba hata wao wamesikia redioni na wamemficha, kwa hiyo kafanya vyema. Vyema gani? Tangu siku ile Sawaeng hakupata usingizi wa maana, na ndiyo sababu aliomba kazi kwenye gari la dawa linalopita huku kila mwaka.

Basi kila mwezi wa tisa Phikun alimsalimia mama yake. Mara yuko kusini anaimba, mara mvua imefunga barabara. Mwaka juzi koo lilimkwama Sawaeng katikati ya salamu, na Mama Boonmi akawaambia majirani kwamba mwanawe leo ana mafua.

Na kila mwaka, asubuhi gari likiondoka, Mama Boonmi alimpa Sawaeng kifurushi cha jani la mgomba ampelekee Phikun: wali wa kunata, samaki mkavu, ndizi, tambuu na sigara moja. Kilikuwa kidogo mno kwa mtu mzima, na Phikun hakuwahi kutafuna tambuu wala kuvuta sigara. Sawaeng, mtu wa Bangkok, alidhani ndivyo akina mama wa huku wanavyotuma zawadi. Hakuuliza.

Lakini huu ulikuwa mwaka wa mwisho. Kampuni ilikuwa imenunua filamu zinazosema zenyewe, na Sawaeng alikwisha kuambiwa arudi kwao. Chalong, aliyeendesha mashine ya sinema, alimshauri waondoke kimya kimya.

"Muache bibi wa watu na mwanawe. Unataka kumuua?"

"Na mwakani je? Atakaa pale mkekani asisikie kitu, aamini mwanawe kamtupa."

Chalong akaenda kutazama maji ya injini.

Asubuhi Sawaeng akashika njia ya kwa Mama Boonmi. Alipishana na wanakijiji wanarudi hekaluni na vikapu vitupu. Ilikuwa siku yao ya kila mwaka ya kuwawekea marehemu vifurushi vya chakula chini, kwenye mizizi ya miti, kabla jua halijachomoza. Walimwamkia, hakuwasikia. Alikuwa anapanga maneno na kuyapangua. Mtu aliyewasemea wafalme na majambazi miaka yote hiyo, leo alikosa sentensi moja ya kwake mwenyewe.

Mama Boonmi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba, kikapu mapajani. Chake kilikuwa bado na kifurushi kimoja.

Sawaeng alipiga magoti, akakutanisha viganja, akainama. "Mama, leo nina jambo la kukwambia."

"Kaa, mwanangu. Nijibu langu kwanza. Vile vifurushi ninavyokupa, huwa unavipeleka wapi?"

Angeweza kudanganya; alikuwa amezoea. Lakini koo lilikataa kubanwa. Machozi yakamtoka.

"Naviweka chini, Mama. Kando ya barabara. Sikuweza kuvila, sikuweza kuvitupa. Kila tukipita kwenye ile kona, pale ambapo basi..."

"Lilipopinduka," Mama Boonmi akamalizia.

Akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akatia kifurushi kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Basi vyote vimemfikia," alisema. "Nilikuwa nahofia unakula chakula chake."