Maji Yaliyokataa Samaki

Maji yakageuka kijani tena.

Fundi wa tangi la samaki aliuinua mrija wa kioo kwenye mwanga wa dirisha, akautikisa, akautazama kama mzazi anayetazama ripoti ya shule. Maji ya tangi yakitiwa matone ya dawa ya kupimia uchafu yakabaki njano, samaki wanaingia. Yakigeuka kijani, bado.

"Bado," alisema kwa huzuni.

"Bado mpaka lini?" aliuliza binti, ambaye alikuwa karani wa benki na hata nyumbani aliongea kama yuko dirishani. "Fundi, tumenunua tangi. Tumenunua meza ya chuma ya kulibeba, chumvi ndoo nzima, pampu, taa, na mawe ambayo kwa bei ile ningejengea choo. Bajeti iliyobaki ni ya samaki na matumbawe tu. Hao samaki wako wapi? Umeme unaliwa na mawe!"

"Mvumilivu hula mbivu," mama yake alisema, akishona.

"Anakula bili, mama."

Mama alicheka. Alikuwa mkunga mstaafu. Maisha yake yote kazi ilikuwa kuwaambia watu wasubiri. Tangi hilo binti alimnunulia baada ya baba kufariki, ili sebuleni kuwe na kitu kinachotikisika.

"Kuna kitu kinaoza humo," fundi alisema, akijikuna kisogo. "Nilikuambia siku ya kwanza, Mkunga. Maji ya bahari yana kinyongo. Kitu kidogo kama kidole kikiozea ndani, tunaanza moja."

"Ulisema," mama aliitikia. "Nakumbuka vizuri sana. Hebu lete huo mkono."

Kifungo cha mkono wa shati la fundi kilikuwa kinaning'inia. Tangu mkewe atangulie mbele ya haki, vifungo vyake vilikuwa vikidondoka kimoja kimoja na hakuna aliyeuliza. Mama alikishona hapo hapo, fundi ametulia kama mtoto anayenyolewa.

"Mama! Uzi mwekundu kwenye shati la bluu?"

"Ndio ulio kwenye sindano."

Fundi alikunywa chai yake, akasifu, akaongezewa, akasifu tena. Alipoaga, binti alimpa hela ya safari. Akamrudishia kiganjani taratibu.

"Ya leo acha, dada. Sijafanya kitu."

Mlango ulipofungwa, binti alikunja uso. "Anayekataa hela ndogo anavizia kubwa."

"Au ameshiba chai."

"Sikiliza, mama. Jumamosi ijayo ndiyo mwisho. Maji yakiwa njano, tunatia samaki, tunamshukuru, kazi yake imekwisha. Yakiwa kijani, nauza tangi. Kwa vyovyote vile, huyu mtu hatatusumbua tena."

Sindano ya mama ilisimama hewani.

"Kwa vyovyote vile?"

"Kwa vyovyote vile."

Katikati ya wiki binti alipita kumwona mama, akafungua friji kutafuta barafu. Akatoka na mfuko.

"Hawa kamba wa baharini ni wa nani? Wewe si ukila kamba unavimba midomo?"

"Wa paka wa jirani."

"Jirani ana mbwa."

"Basi wa mbwa," mama alisema. "Funga friji, barafu inayeyuka."

Binti alitingisha kichwa. Uzee nao, alijisemea, akaurudisha mfuko.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amevaa gauni lake la maua na chai ilikuwa mezani kabla mlango haujabishwa. Fundi akachota maji, akatia matone yake, akatikisa mrija. Wote watatu wakainama.

Kijani.

Binti alitoa simu, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kulipiga tangi picha za kuuzia.

"Nipe nafasi mara moja tu," fundi alimwomba. "Mara moja. Mkunga hastahili kunyang'anywa hili."

Alikunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono mpaka begani, akapapasa nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo jicho halifiki. Akatulia. Kisha, polepole, akautoa mkono huku mgongo wake umemkinga binti asione.

Kwenye kiganja chake kulikuwa na kamba mmoja mnene, amepauka, amefungwa uzi kiunoni ili avutike kwa urahisi.

Uzi mwekundu.

Fundi aliutazama uzi. Akatazama kifungo kwenye mkono wa shati aliokunja. Akageuza shingo, akamtazama mama.

Mama alikuwa anakagua dari.

"Umeona nini?" binti aliuliza, jicho likiwa kwenye simu.

"Takataka tu." Fundi alimtia kamba mfukoni mwa suruali, na maji yake yote. "Wiki ijayo yatakuwa njano. Samaki wataingia."

"Afadhali! Na kazi yako itakuwa imekwisha."

"Imekwisha?" Fundi alishtuka, kwa sauti ya mtu asiyezoea kudanganya. "Dada yangu, samaki wakiingia ndiyo inaanza! Samaki wa bahari hawaachwi hivi hivi. Lazima mtu aje kuwatazama kila siku. Hela sitaki. Kikombe cha chai kinatosha."

Mama akayashusha macho kutoka darini.

"Kila siku?" alisema. "Sasa, Fundi, si ungesema mapema!"