Futari ya Siku ya Tatu

Ruweida alikuwa ameshavaa kiatu kimoja wakati Bibi Mwanaesha alipomzibia ngazi kwa sinia la mahamri.

"Wapi tena? Siku ya kwanza wafuturu nasi, ya pili wafuturu nasi, ya tatu wanikimbia. Kila mwezi! Kwani futari yangu ya leo ina sumu?"

"Nimechelewa, Bibi."

"Umechelewa kwenda wapi, na Magharibi hiyo yaingia?"

Bibi alizoea kufunga siku nyeupe, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, mwezi unapokuwa mpevu. Siku hizo mlango wake wa Mji wa Kale haufungwi, na mgeni haulizwi atokako. Ndivyo Ruweida alivyoingia mara ya kwanza, mwaka uliopita, miguu mitupu, akiifuata harufu ya nyama. Nabiha, mjukuu wa Bibi, msichana wa rika lake, alimpa leso na viatu, na tangu hapo wakawa kama waliozaliwa pamoja.

"Nawe ukila," Bibi alisema akicheka, "paka wangu wapata taabu. Hata mfupa huwaachii! Haya, kitendawili."

"Tega," Ruweida alijibu. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma.

"Mgeni wangu aita kutoka juu, ndani haingii, na nyumba nzima yatia tende kinywani."

Jibu alilijua. Ndilo alilokuwa akilikimbia.

Alimshika Nabiha mkono, akampandisha mbio mpaka chumba cha juu, akachungulia dirishani. Kichochoro kilijaa wanaume wa kanzu wakielekea msikitini. Pa kupita hapakuwapo tena.

"Nabiha, nisikilize. Ikiadhiniwa, nageuka fisi."

"Na mimi nageuka popo," Nabiha alisema, akaangua kicheko. Kisha akaziona kucha za mwenziwe. Zilikuwa zimeshapita vidole, nyeusi, nene. Kicheko kikamkauka.

"Tangu lini?"

"Kugeuka? Tangu mwaka jana."

"Nani kakufanyia haya?"

"Sijui. Ulitoka mwezi mpevu, ikaanza." Ruweida alizificha kucha ndani ya leso. "Nikishageuka sitakujua, Nabiha. Si wewe, si Bibi. Nitajua njaa tu. Nitoe kwa mlango wa nyuma!"

"Nikutoe wakuone? Watakumaliza kwa marungu kabla hujafika barabarani." Nabiha alikuwa akilia, lakini alishatoka nje ya chumba, mikono kwenye komeo. "Hutoki. Hadithi hizi Bibi katusimulia tangu wadogo. Mtu aliyegeuzwa fisi hufungiwa ndani, na alfajiri hurudi mtu. Kila mara hurudi."

"Nabiha, mimi si kama hao wa—"

"Nyamaza wewe! Ndugu yangu simtupi."

Mlango ukafungwa. Komeo likaingia mahali pake, chuma juu ya chuma.

Chini, Bibi aliita, "Nyinyi watoto! Uji wapoa!"

"Twaja, Bibi!" Nabiha alijibu, kwa sauti ya mtu asiye na jambo. Kisha akaweka midomo kwenye ufa wa mlango. "Wasikia? Alfajiri nakuja mwenyewe, Bibi akiwa yuaswali. Nitafungua, nitakukumbatia hivyo hivyo, hata ukiwa umebakiwa na manyoya mawili matatu. Usiogope."

Adhana ikaanza.

Ruweida alianguka kwa viganja, na mgongo ukaacha kuuma. Alitaka kumwambia asifungue. Si alfajiri, si kesho, si keshokutwa. Alipanua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa na neno hata moja ndani yake.

"Wacheka?" Nabiha aliuliza nje, akijilazimisha naye kucheka. "Afadhali. Basi tutaonana alfajiri."

Lakini hapakuwa na mtu wa kurudishwa alfajiri. Ruweida alizaliwa jaani Kibarani, shimoni chini ya taka, yeye na pacha wake, na mama yao aliwalamba manyoya mpaka yakakauka. Usichana ndio uliokuwa ukimjia na mwezi, siku tatu tu, nazo zilikuwa zimekwisha.