Sikio la Fundi Cherehani

Binti alikuwa akilinganisha programu mbili za kupanga upya mafaili yaliyotawanyika kwenye diski, maana kompyuta ya nyumbani ilikuwa ikijikokota.

"Hii ni ya bure, mama. Ile ina kasi zaidi. Tuweke ipi?"

Mama yake, fundi cherehani, aliinama akabandika sikio kwenye boksi la kompyuta. Tik. Kimya. Tik. Mlio huo aliujua kwa miaka thelathini: sindano ya cherehani inayogonga chuma kabla haijakatika.

"Usiweke yoyote. Hiyo diski haijavurugika, inakufa. Ukiihangaisha utaimaliza. Hamisha vipimo vya wateja wangu kwanza."

"Wewe na kompyuta wapi na wapi?" Binti alicheka, lakini akachomeka flashi.

Faili la mwisho lilipovuka, mlio ukakatika, kioo kikawa cheusi.

Mama alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano.