Mfenesi wa Risper

Risper alisikia msumeno wa petroli akiwa bado njiani kutoka soko la Kendu Bay. Alitua karai la dagaa wa omena chini, akakimbia hadi nyumbani.

Fundi aliyeletwa na shemeji yake alikuwa ameshaingiza meno ya mashine kwenye mfenesi. Utomvu mweupe ulichuruzika juu ya mafenesi mawili yaliyoning'inia kwenye shina, kila moja zito kama mtoto wa mwaka.

"Zima!" alipiga kelele. "Nani amekuruhusu?"

Fundi akazima.

"Mimi," alisema shemeji. "Mbao zake za manjano zimepata mnunuzi. Na mwanamke hana mti kwa hii boma."

Risper aliusogelea mti. Mbegu aliipanda yeye mwenyewe, marehemu mumewe akimcheka. Mwaka wa ukame, shemeji huyuhuyu alikuja na sahani, akala mbegu za fenesi za kuchemsha pamoja na watoto wake.

"Ulipokuwa na njaa, mti ulikuwa wa nani?"

Shemeji alimwashiria fundi aendelee, na mashine ikanguruma tena.

Risper akabandika kiganja juu ya kidonda cha mti. Utomvu ukanata kwenye vidole vyake vyote.

"Kata basi! Anza na mkono!"

Fundi alimtazama, akazima mashine, akaanza kuifunga kwenye pikipiki yake.

"Kesho nitaleta mwingine!" shemeji akafoka.

"Mlete," alisema Risper, bila kuondoa kiganja. "Atanikuta hapa."