Madume Watupu

Tangu wazike kichanga chao cha tatu, Zawena hakuomba kitu ila bwawa la samaki uani, angalau aone kiumbe akizaa mbele ya macho yake. Mumewe, Mbwiga, akalichimba mpaka viganja vikamchubuka.

Leo muuza vifaranga wa samaki alifika na mfuko uliotuna maji.

“Nimewachagulia madume watupu, dada,” alisema kwa fahari. “Hawatawajazia bwawa. Watanenepa tu.”

Mbwiga akageuza uso. Zawena alikuwa ameshapiga magoti ukingoni.

“Hawatazaa kabisa?”

“Kabisa. Hutasumbuka.”

Zawena akaupokea mfuko, akaufungua polepole, mkono umezama majini. Vifaranga wakatawanyika, kisha mmoja mmoja wakarudi, wakaanza kumnyonya ncha za vidole. Zawena hakuutoa mkono.